Wakubwa Walishikana Mikono

Nyuma ya nyumba ya baba, pale Suneka, kuna njia iliyofungwa. Zamani ilipita kati ya migomba yetu na ya baba mdogo, ikateremka hadi kwenye chemchemi. Tangu Oktoba 2017 imezibwa kwa nguzo na seng'enge. Ukitaka maji, zunguka barabara ya juu.

Chanzo ni kura. Mahakama ya Juu ilikuwa imefuta uchaguzi wa urais Septemba 1, na Raila Odinga akasema hatashiriki marudio ya Oktoba 26. Baba akakaa nyumbani. Baba mdogo, mtu wa Jubilee, alitoka alfajiri akarudi akituonyesha kidole chenye wino. Maneno yalianza kama utani tu. Yakaishia kwenye shamba la babu: nani aliongezewa hatua mbili, nani alisomeshwa kwa ng'ombe wa nani. Jioni tukasikia nyundo.

Wachambuzi wa televisheni hupenda kusema kwamba siasa ya Kenya ni kabila dhidi ya kabila. Waje Gusii. Kura zetu hugawanyika, kwa hivyo mpaka wa vyama hupita ndani ya boma, kati ya watoto wa mama mmoja.

Machi 9, 2018, Raila na Uhuru Kenyatta walisimama kwenye ngazi za Harambee House wakashikana mikono. Nilifurahi kwa sababu moja tu: nilijua ua utatolewa. Nikapiga simu nyumbani.

"Tata, umeona?"

"Nimeona," akasema. "Lakini kabla ya kupatana, mimi sikuulizwa."

Ua haukutolewa. Mei 18, 2021 tukawa na uchaguzi mdogo wa Bonchari. Huko Nairobi ODM na Jubilee walikuwa marafiki, lakini huku kwetu walipigania kiti hicho kana kwamba salamu zile hazikuwahi kuwepo. Pavel Oimeke wa ODM akamshinda Zebedeo Opore wa Jubilee. Baba alicheka wiki nzima, tena kwa sauti, akiwa ameelekea upande wa pili wa ua.

Halafu ikaja 2022, na hapo ndipo mimi nilichoka. Uhuru alikuwa sasa anamuunga mkono Raila, na baba mdogo akamfuata. Yaani Agosti 9 wazee hawa wawili walikuwa na mgombea mmoja. Mama aliniambia walipanga foleni moja, watu wanne katikati yao, na hawakusalimiana. Ugomvi ulikuwa umeshasahau sababu yake.

Mimi siku hiyo nilikuwa Nairobi nikifua nguo. Jina langu lilikuwa kwenye sajili, na sikwenda. Mwaka 2013 waliojitokeza walikuwa karibu asilimia 86 ya waliojiandikisha. 2022 wakashuka hadi kama 65. Tuliobaki nyumbani tuliitwa wavivu. Labda wengine ni wavivu. Mimi niliogopa kitu kingine: kwamba nikichagua upande, kuna mtu wa damu yangu atachukua nyundo, na yule niliyemchagua atakuwa Nairobi akinywa chai na mpinzani wake. Na kweli, Machi 7, 2025 Raila akatia sahihi makubaliano na William Ruto.

Raila alipofariki Oktoba 15, 2025, baba mdogo alikuja kwetu. Alizunguka barabara ya juu kama mgeni, akavua kofia mlangoni, akasema, "Pole, kaka." Baba akamwonyesha kiti. Walikunywa chai bila kutaja siasa, wakaongea kuhusu bei ya ndizi na magoti. Kisha akarudi kwake kwa njia ile ile ndefu.

Nilipoenda nyumbani Desemba nilimwomba baba ruhusa ya kukata seng'enge.

"Ua ni wa ndugu yangu," akasema. "Muulize yeye."

Nimefikiria sana jibu hilo. Miaka minane tulikuwa tunangoja wakubwa wapatane ndipo na sisi tupatane, na walipopatana tukawakasirikia. Hatukuwahi kuulizana wenyewe kwa wenyewe.

Mwaka 2027 nitapiga kura. Simtegemei mtu yeyote ajaye na kofia na fulana, lakini kukaa nyumbani nikifua hakukupunguza hata msumari mmoja kwenye ule ua. Ila kabla ya foleni hiyo nina safari fupi zaidi, ya hatua kama arobaini, hadi mlangoni kwa baba mdogo. Plaisi nimeshanunua.