Samadi Yangu Kando ya Mto Mathare

Kwa muda wa miaka 9 majirani zangu wa Mathare walinicheka kila waliponiona asubuhi nikisukuma mkokoteni wa samadi kutoka zizi la mzee mmoja hadi kishamba changu kando ya mto. Sikuwalaumu, kwani mavuno yangu ya kwanza yalikuwa ya aibu: mahindi yalidumaa, majani yakageuka rangi ya zambarau.

Rangi ile, ndugu msomaji, ni dalili ya upungufu wa fosforasi. Katika udongo mwekundu, chuma na alumini huishika fosforasi kwa nguvu hata mizizi isiipate. Samadi huleta fosforasi yake yenyewe, na inapooza hutoa asidi zinazopunguza nguvu ya mshiko huo. Lakini kazi hii yataka subira. Huko Kabete, tangu mwaka 1976, wataalamu walipanda mahindi na maharagwe katika vipande vya udongo wa namna hiyo, vingine vikitiwa samadi tani 5 au 10 kwa hekta, vingine visitiwe kitu. Vilivyonyimwa vilizidi kudhoofika mwaka hata mwaka.

Nami mwaka wa nne nilivuna sukuma wiki ya kutosha nyumbani na ya kuuza. Hapo nikajivuna, nikazidisha samadi, na hilo lilikuwa kosa. Mmea huhitaji naitrojeni nyingi kuliko fosforasi. Na samadi iliyolala juani hupoteza naitrojeni hewani, ilhali fosforasi hubaki. Basi atiaye samadi mpaka naitrojeni itoshe hulimbikiza fosforasi kupita kiasi. Hiyo hairuki hewani. Hukaa imeshikamana na udongo, mpaka udongo wenyewe uondoke.

Nao uliondoka. Aprili 2024 mto ulifurika, ukachukua nyumba za watu na maisha ya watu, hata naona haya kulilia shamba. Tabaka lote la juu lilikwenda katika mto Nairobi, kisha Athi, kuelekea bahari karibu na Malindi; na fosforasi ikizidi majini hustawisha magugu yanayoyanyima maji hewa.

Sasa nimeazima kipande mbali na mto, nikapanda mabingobingo pembeni kuzuia udongo. Juzi yule mzee wa zizi aliniuliza kwa nini siku hizi nachukua mkokoteni mmoja badala ya mitatu.