Mgeni wa Mtoto Mchanga

Kabla ya reli kufika Tabora mwaka 1912, karibu kila kilichotoka Bagamoyo kwenda Ujiji kilipita katika mji huo juu ya vichwa na mabega ya watu. Wasafiri walioandika habari za njia hiyo walihesabu majora ya nguo, shanga, waya na pembe za ndovu. Watoto waliwahesabu kwa nadra. Hata hivyo, misafara ya Wanyamwezi haikuwa ya wanaume peke yao. Wanawake walikuwamo, na baadhi yao walichukua watoto migongoni. Mzigo wa mpagazi ulipimwa kwa frasila. Mzigo wa mama haukuwa na mizani.

Katika zama zetu mizani ya mzigo huo imeanza kutafutwa. Katika mkoa wa Tabora uliendeshwa mradi ulioitwa Malezi, chini ya shirika la Elizabeth Glaser, kwa fedha za mfuko wa Conrad N. Hilton. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii walifundishwa kuwaendea wazazi majumbani, na wauguzi kuzungumza nao katika vituo vya afya, si juu ya chanjo na uzito tu, bali pia juu ya kucheza na kuongea na mtoto tangu azaliwapo. Baadaye redio nayo ilitumiwa kueneza maneno hayo. Mwongozo wao ulitokana na Shirika la Afya Duniani na UNICEF.

Jambo lenyewe ni dogo kwa macho. Mgeni huketi, husalimu, huuliza hali. Hamchukui mtoto kutoka mikononi mwa mama ili aonyeshe ustadi wake mwenyewe. Humwomba mama amtazame mtoto usoni, aigize sauti yake, kisha angoje ajibiwe. Kopo lenye kokoto ndani, kikombe cha kufunika na kufunua, kitambaa cha rangi: vitu hivi vyatosha kuwa vyombo vya elimu. Mama afanyapo vema husifiwa, na sifa hiyo ni nusu ya somo.

Je, jambo dogo hivi laweza kuzaa faida kubwa? Ushahidi unaotajwa sana hautoki Afrika, bali Jamaica. Katika mji wa Kingston, miaka ya 1986 na 1987, Sally Grantham-McGregor na wenzake waliandikisha watoto 129 waliodumaa, wenye umri wa miezi 9 hadi 24. Wengine walipewa maziwa, wengine walitembelewa kila juma kwa saa moja ya mchezo, wengine walipata yote mawili, na wengine hawakupata lolote kati ya hayo. Kazi hiyo ilidumu miaka 2. Miaka 20 baadaye, waliotembelewa kwa mchezo walikuwa wakipata mapato yaliyozidi kwa asilimia 25 yale ya wenzao waliodumaa ambao hawakutembelewa. Maziwa yalisaidia akili mwanzoni, lakini faida hiyo haikudumu. Faida ya mchezo ilidumu. Udongo, wahenga walisema, upate ungali maji.

Lakini yupo awezaye kuuliza swali zito zaidi: mama wa Unyamwezi, aliyerithi nyimbo za kubembeleza kutoka kwa bibi yake, afundishwe na nani kucheza na mwanawe? Swali hilo lina haki ndani yake. Mgeni aingiaye nyumbani kwa watu akidhani kwamba ameikuta nyumba tupu atatoka mtupu yeye. Nyimbo zilikuwapo, vitendawili vilikuwapo, na watoto wakubwa waliwachezesha wadogo uani. Kilichopungua mara nyingi si maarifa, bali wakati na nguvu. Tabora ni nchi ya tumbaku. Mama ashindaye shambani, achotaye maji na kukata kuni, hurudi jioni akiwa na pumzi ya kupika tu. Kumwambia mama huyo aongee na mtoto bila kumwambia baba ashike ndoo ni kumwongezea mzigo aliyekwisha kulemewa. Kwa hiyo mgeni mwenye busara huzungumza na nyumba nzima: baba, bibi na ndugu. Huonyesha pia kwamba maneno hayadai saa ya peke yake. Mtoto huweza kusemeshwa akiogeshwa, akilishwa, au akiwa mgongoni njiani.

Yuko na mtu wa pili wa kufikiriwa, naye ni mgeni mwenyewe. Mkoa wa Tabora una zaidi ya kilomita za mraba 76,000, na katika sensa ya mwaka 2022 ulikuwa na watu zaidi ya milioni 3.3. Kati ya kijiji na kijiji kuna miombo, na masika huharibu njia. Mpagazi wa zamani alikubaliana ujira kabla ya kutwika mzigo. Haielekei kwamba anayebeba matumaini ya watoto atwikwe bila ujira, wala kwamba ziara zikome siku fedha za mfadhili zikomapo. Mwezi Desemba 2021 Serikali ya Tanzania ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyopangwa kwa miaka 5. Hapo mtoto mchanga aliingia katika hesabu ya taifa. Lakini kuingia katika hesabu ni jambo moja, na kufikiwa mlangoni ni jingine.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema Waswahili. Methali hiyo haikusema mgeni aje mara moja. Msafara uliosimama kambi ya kwanza haukufika Ujiji. Na mtoto aliyetembelewa mara moja, kisha akasahauliwa, ameonyeshwa njia bila kupewa wa kumwongoza.