Pingili ya Mnyororo

Saa ya marehemu baba ilinidondoka nikiwa nachota maji kisimani. Kioo kilisalimika. Kilichoachana ni mkanda wake wa chuma: kipini kimoja kilikuwa kimelika kwa miaka hadi kikakatika, nusu yake ikapotelea mchangani. Ni Seiko 5, ile isiyohitaji betri wala kutiwa ufunguo, kwa kuwa hujiendesha kwa mwendo wa mkono. Baba alikuwa na mkono mnene kuliko wangu, na tangu niirithi imekuwa ikiniteleza hadi kiganjani.

Sikuipeleka kwa fundi. Wa mwisho alinirudishia ikiwa na mikwaruzo ya bisibisi mgongoni. Nilitandika kitambaa cheupe mezani, nikaandaa nyundo ndogo, msumari mwembamba niliousawazisha ncha kwa tupa, na kipande cha ubao nilichokichonga mfuo wa kuushika mkanda usiyumbe. Saa yenyewe niliitenga kwanza. Kila upande hushikwa na kijiti chenye springi ndani, nacho kikifyatuka hutakiona tena, hivyo nilikifunika kwa kidole gumba nilipokuwa nikikibonyeza. Mkanda nikauosha kwa maji ya vuguvugu, sabuni na mswaki wa zamani. Maji yaligeuka rangi ya chai. Uchafu ule wa jasho na vumbi ndio unaosaga vipini kama msasa.

Mjukuu wangu, aliyekuwa ameegemea meza, akauliza: “Babu, hivi vipande vinaitwaje?”

Nikakaa kimya, mwalimu wa Kiswahili mzima. Pete? Pete ina tundu la kupitisha kidole, na hivi havina. Kiungo? Kiungo ni mahali vitu vinapoungana, si kitu kinachoungwa. Kipande ni cha chochote, hata cha muhogo. Kisha neno likanitoka lenyewe: “Pingili.”

Sijamaliza kulitamka nikamkumbuka kijana mmoja.

Ilikuwa mwaka 1989, kidato cha pili. Katika insha ya safari aliandika kwamba pingili moja ya mnyororo wa baiskeli ilikatika mlimani. Nikalipiga neno lile mstari mwekundu, nikamwondolea alama mbili na kuandika pambizoni: “Pingili ni ya muwa!” Alama ya mshangao niliiweka kwa raha, nakiri. Mchana alikuja ofisi ya walimu, akaniamkia vizuri, akauliza: “Mwalimu, je, uti wa mgongo nao ni muwa?” Mwalimu wa biolojia alikuwa amewafundisha pingili za uti wa mgongo wiki ileile. Walimu wenzangu walicheka. Mimi nikasikia ufidhuli pale palipokuwa na hoja, nikampa adhabu ya kufyeka nyasi nyuma ya bweni.

Tangu siku ile hakuandika tena neno ambalo halikuwamo katika kitabu cha kiada. Insha zake zilikuwa safi, nami nikazipa alama za juu.

Nilirudi kwenye mkanda. Upande wa ndani una vishale vidogo, ambavyo macho yangu hayavioni bila miwani. Kipini husukumwa kutoka kwa kufuata mshale, na hurudishwa kinyume chake. Anayepuuza hilo hupanua tundu, na kipini hakishiki tena. Niligonga polepole ile nusu iliyobaki ikatoka. Kipini cha akiba sikuwa nacho, kwa hiyo niliitoa pingili ya jirani, na kipini chake ndicho nilichotumia kuunganisha zilizobaki. Mkanda ukapungua pingili moja, nayo ndiyo iliyokuwa imezidi mkononi mwangu siku zote. Katika bizimu mna vitundu vya kurekebishia. Nilisogeza kijiti vitundu viwili, ikakaa sawa.

Mshairi ataliwazia hapa shairi la pindu, ambalo wengine huliita mkufu, kwa kuwa maneno yanayofunga ubeti ndiyo yanayofungua ubeti unaofuata. Mimi naona jina la mkufu linadanganya kidogo. Pingili za saa zinafanana, hivyo ukiondoa yoyote jirani zake hushikana bila kinyongo. Ondoa ubeti mmoja katika pindu uone: wa juu unaishia kwa maneno ambayo wa chini hayatambui, na utalazimika kutunga upya maungio. Pindu imekaribia zaidi uti wa mgongo. Yule kijana angelieleza hilo vizuri kuliko mimi, kama ningemwachia nafasi.

Jina lake nalikumbuka, ila halifai kuandikwa hapa bila ridhaa yake. Kama anasoma ukurasa huu, atajitambua kwa zile nyasi. Alama zako mbili nimekurudishia, kijana wangu, na kwa zile nyasi nakuomba radhi. Nawe ukiwa na jina bora kuliko pingili kwa kipande cha mkanda wa saa, niandikie.