Tulidhani ni Moyo

Papa mudogo alipoanza kuvimba miguu na kukosa pumzi, hapa kwetu Kamwokya wote tulisema ni moyo. Mama akaongeza: ni mawazo ya vita. Nami nikaamini.

Skani ilionyesha mambo mengine. Kansa ilikuwa kwenye ini. Kutoka hapo iliingia ndani ya mshipa mkubwa unaorudisha damu, ikapanda mpaka chumba cha kulia cha moyo. Daktari alituchorea nyuma ya karatasi ya dawa: ini, mshipa, moyo. Akasema kipande kikikatika, kinaweza kuziba mapafu. Wiki tatu baadaye tulimzika.

Chanzo kilikuwa virusi vya homa ya ini B. Vinaweza kukaa mwilini miaka na miaka bila kuuma. Uganda inachanja watoto wachanga tangu 2002, lakini sisi wakubwa tuliotoka Kongo, wengi hatukuchanjwa.

Kazi yangu ni kuhimiza vijana wapime, na mimi mwenyewe sikuwa nimepima. Niliogopa wenzangu wa chumba watatenga sahani yangu. Homa hii haipiti kwa sahani; inapita kwa damu, kwa ngono, na kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaa. Nilijua hayo yote, bado niliogopa.

Jumatatu nilienda. Sina. Nikachomwa sindano ya kwanza kati ya tatu. Zimebaki mbili. Nani tuende pamoja?