Kahora, Shosho

Dada yangu ni nesi Dublin. Ndiye aliyekuwa akinilipia karo nilipoacha chuo mwaka wa tatu, na ndiye aliyenilipia tikiti ya ndege. Mambo ya chuo hatukuyagusa.

Dublin nilitembea siku mbili. Pale Trinity College nilipita haraka, kama mtu mwenye deni dukani. Kilichonivutia ni vibao vya barabara: jina kwa Kiayalandi, chini yake Kiingereza. Lakini kwenye basi na madukani nilisikia Kiingereza tu. Katiba yao inasema Kiayalandi ndiyo lugha rasmi ya kwanza. Wanaokiongea kila siku ni wachache.

Kisha tukapanda basi hadi Galway, magharibi, na kutoka hapo tukafuata bahari hadi kijiji ambacho kibao chake kinasema An Spidéal, basi. Kiingereza hakuna. Kuta za mawe, kondoo, manyunyu yasiyoisha. Kijani kile nakijua: ni Kinangop kwa shosho, hata viazi ni vilevile. Huku ugonjwa wa viazi ulileta njaa ya 1845 hadi 1852. Watu kama milioni moja walikufa, wengine milioni wakahama, na magharibi, kwa wenye Kiayalandi, ndiko kulikoumia zaidi.

Mama mwenye nyumba tuliyolala alitueleza kuhusu kijiti ambacho watoto wa zamani walivishwa shingoni. Ukiongea Kiayalandi, kinachongwa alama. Baadaye mwalimu anahesabu alama, anachapa.

Mimi na dada tukatazamana. Mamangu alivaa kibao shuleni kwa kuongea Kikuyu. Mimi kitindamimba akanilea Nairobi kwa Kiswahili na Kiingereza, nisije nikavaa chochote. Shosho sasa amepita miaka 80, na sijawahi kumaliza mazungumzo naye bila mkalimani.

Nje, kijana wa pale alikuwa akimfokea mbwa kwa Kiayalandi. Mbwa akaketi. Nilicheka, kisha nikaona wivu. Kumwonea mbwa wivu!

Jioni nilimpigia shosho kupitia simu ya binamu. "Shosho, huku pia kuna waru." Akacheka, akajibu kwa kirefu. Nilishika neno moja tu: mbura, mvua.

Dada, aliyelelewa Kinangop, akanyoosha mkono achukue simu atafsiri. Nikaizuia.

"Kahora, shosho," nikasema. Polepole. "Rudia."

Akaanza upya.