Safari ya Idodi kwa Mfinyanzi

Leo twapenda kuwapeleka Idodi, katika mkoa wa Iringa, kwa mama mmoja mzee afinyangaye vyungu. Hatukwenda huko kwa matembezi. Tulikwenda kwa sababu ya kosa letu wenyewe, na ni afadhali tulieleze mapema.

Katika madrasa yetu mjini Iringa yuko mtoto wa kike wa miaka 10, aliyeletwa kutoka Idodi kukaa kwa mjomba wake apate kusoma. Siku moja tulimkuta nyuma ya darasa akianika tembo wa udongo, kadiri ya ngumi. Kwa haraka ya kukataza sanamu tulimpokonya, tukamvunja tembo yule mbele ya wenzake. Tuliona kuwa ndani yake mlikuwa mtupu, na chini ya tumbo palikuwa na kitundu. Tukadhani ni uzembe wa kitoto. Tukamwamuru asiuguse udongo tena. Naye alitii kupita tulivyotaka. Alipokwenda kwao wakati wa likizo, bibi yake alimwita kukanda udongo, akakataa, akasema mwalimu amekataza. Mjomba akatuletea salamu za bibi: "Mwalimu na aje aone anachokikataza."

Tukapanda basi asubuhi. Njia ni ile iendayo Ruaha, penye hifadhi ya taifa ya wanyama tangu mwaka 1964. Hupita karibu na Kalenga, iliyokuwa ngome ya Mtwa Mkwawa mpaka Wajerumani walipoiteka mwaka 1894. Mbele ya hapo nchi huteremka. Baridi ya Iringa husalia nyuma, na mibuyu husimama huku na huku. Idodi ni nchi ya joto na ya mashamba ya mpunga, na Wahehe wanakaa humo pamoja na Wabena, Wagogo, Wamasai na wengineo.

Tulimkuta mama yule uani, ameketi juu ya mkeka. Tukamwamkia, "Shikamoo, mama." Akaitika, "Marahaba, mwanangu. Kamwene. Karibu." Hakututajia lile tembo. Alituambia tu, "Kaa uone."

Udongo wake huuchimba kando ya mto, huuanika, huutwanga, kisha huuchekecha na kuulowesha. Hauutumii peke yake. Huchanganya na vigae vya vyungu vilivyovunjika, alivyovisaga vikawa kama mchanga. Tukamwuliza sababu. Akasema udongo mtupu ukikauka hujikaza kwa nguvu ukapasuka, lakini chenga za vigae zimekwisha kupita motoni, hazijikazi tena, basi huushika ule mbichi usiharibike. Hapo tulijifunza kwamba chungu kilichovunjika hakitupwi. Hukisaidia chungu kipya kisimame.

Baada ya kuukanda mpaka pumzi yote itoke, aliweka donge ndani ya kigae kipana, akalitoboa kwa ngumi na kupanua kitako. Hana gurudumu la kuzungushia. Kigae kile hukizungusha kwa mkono. Kisha alisokota udongo kama kamba nene, akaipandisha duru juu ya duru, akiunga kwa kidole gumba, na kulainisha kwa gunzi la mahindi na kipande cha kibuyu. Tumbo la mtungi lilipotokea, aliuacha kivulini ushike kidogo kabla ya kupandisha shingo, kwani shingo ikiwekwa juu ya tumbo bichi, vyote huanguka.

Mapambo yake hutiwa udongo ungali mbichi kidogo. Huviringisha kamba iliyosokotwa juu ya mabega ya mtungi, ikaacha alama mfano wa ukili. Au huchora mistari kwa kijiti. Kisha hupaka ngeu nyekundu, na kusugua kwa kokoto laini la mtoni mpaka chombo king'are. Kusugua huko si urembo tu. Hufunga vinyweleo vya udongo, chombo kikapungua kuvuja.

Vyombo hukauka kivulini siku nyingi. Siku ya kuchoma hungoja upepo utulie, akavipanga juu ya kuni na magome, akavifunika kwa samadi kavu na majani. Wataalamu waliopima mioto ya wazi ya namna hii wameona hufika baina ya digrii 600 na 900. "Adui wangu si moto," alisema, "ni maji yaliyojificha." Chombo kikiwa na unyevu ndani, au kikiwa donge zito, maji hugeuka mvuke, na mvuke ukikosa njia hukipasua.

Hapo ndipo alipotutazama. "Mwalimu, yule tembo alikuwa mtupu ndani?"

Tukasema, "Ndiyo, mama."

"Na kitundu alikiweka?"

Tukasema alikiweka, chini ya tumbo.

"Basi alikuwa amejifunza. Nilimfundisha miaka miwili asisahau kitundu. Sasa niambie, mwanangu: ulimkataza tembo, au ulimkataza udongo?"

Wasomaji wetu, tuliinama. Katika habari ya sanamu za viumbe wenye roho, wanazuoni wetu wengi wamezikataza, wala hatujaliacha neno lao. Lakini wengi wao hao wamevitoa vitu vya kuchezea watoto, kwa hadithi ya Bibi Aisha, Mwenyezi Mungu awe radhi naye, aliyekuwa na wanasesere na farasi mwenye mbawa, na Mtume akamwona wala asimkemee. Yatupasa kuuliza kabla ya kuvunja. Na udongo wenyewe nani aukataze? Katika Sura Ar-Rahman Mola wetu ametukumbusha kwamba asili yetu ni udongo mkavu mfano wa chombo cha mfinyanzi. Tulimwita yule mtoto, tukamwambia mbele ya bibi yake kwamba tulikosa. Hakujibu. Baadaye kidogo alichukua kokoto akaketi, akaanza kuusugua mtungi.

Khofu ya mama yule si ndogo. Ndoo za plastiki ni nyepesi wala hazivunjiki, na mabinti zake wawili hawakuitaka kazi hii. Huko Ikombe, karibu na Matema ukingoni mwa Ziwa Nyasa, wanawake wa Kikisi bado wanafinyanga vyungu vinavyouzwa hata mbali, kwa sababu mabinti huketi karibu na mama zao. Kwake yeye amebaki mjukuu mmoja, na sisi tulikuwa tumemwondoa kwa neno moja. Wahenga walisema, udongo uwahi ungali maji. Tumezoea kuutumia msemo huu kuhimiza watoto wasome. Hatukuwaza kwamba mkono wenye haraka huuharibu udongo huo huo.

Tulirudi na mtungi mmoja wa madrasa na chetezo mbili za udi. Wenye kununua chungu kipya wakioshe, wakiloweshe usiku kucha, kisha wapike ndani yake uji mwepesi kwa moto mdogo, upate kuziba vinyweleo. Mtungi wa maji usipikiwe uji. Uchujo wake mdogo ndio uupozao, kwani maji yatokayo nje hukauka na kuchukua joto la ndani.

Mtoto yule amerudi darasani. Siku za Ijumaa huwafundisha wenzake kufinyanga vikombe na vyetezo, na sisi huketi karibu tukitazama. Twamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe kwa haraka zetu. Amin.