Mashine ya kuchambua rangi na mawe ya kwetu Kolo

UE zimeisha, watu wanalala mpaka saa nne, bweni kimya utadhani kijiji siku ya mnada. Sasa nina nafasi ya kuandika kuhusu ubishi ambao mimi na rumeti wangu tumekuwa nao muhula mzima. Ubishi wenyewe ni wa mashine zinazoona.

Rumeti anasoma uhandisi na kwao ni Kahama. Kwake yeye, skana ya maana ni ile inayotenga mali na takataka. Chukua mashine ya kuchambua mchele: punje zinadondoka mbele ya kamera, yenye doa inaonekana, inapulizwa na hewa ikaangukie pembeni. Kazi ya mama na ungo, ila kwa kasi ya ajabu. Halafu kuna mashine za almasi. Zamani mawe yalipitishwa na maji juu ya meza yenye grisi, almasi inanata, mengine yanasombwa. Baadaye ikaja eksirei: almasi ikipigwa miale inatoa mwanga, kifaa kinauona, hewa inalirusha jiwe kwenye chombo chake. "Hiyo ndiyo sayansi," ananiambia. "Sasa nyie watu wa Kolo mnataka skana ya nini, ya kupiga picha majabali?"

Ndiyo bwana, ya majabali! Kwa ambao hamjafika, Kolo iko Kondoa, barabara ya Dodoma kwenda Babati. Michoro ya miambani ya kwetu iliingia kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2006, eneo la kilomita za mraba 2,336, na makadirio ni kati ya mapango 150 na 450 yenye michoro. Ya zamani zaidi ni myekundu, ya wawindaji. Myeupe ni ya baadaye, na sehemu nyingine imechorwa juu ya ile myekundu. Shida ni kwamba inafifia. Mary Leakey alikuja mwaka 1951 akainakili kwa mkono, na kitabu alichokitoa mwaka 1983 alikiita Africa's Vanishing Art. Yaani tayari aliona inapotea.

Likizo iliyopita niliazima kamera, nikapanda na mwongozaji, nikapiga picha. Kuna ukuta mmoja ambao kwa macho ni doa jekundu tu, kama mtu amefuta mikono yenye udongo. Nikaiingiza picha kwenye DStretch, programu aliyoitengeneza Mmarekani Jon Harman mwaka 2005. Inafanya kazi ndani ya ImageJ, ambayo ni ya bure.

Inavyofanya kazi si uchawi. Kila nukta ya picha ina namba tatu: nyekundu, kijani na bluu. Kwenye jiwe namba hizo huenda pamoja. Moja ikipanda, zote zinapanda. Ni kama mashahidi watatu waliokubaliana cha kusema. Programu inawatenganisha, inachukua ile tofauti ndogo iliyobaki kati yao, inaivuta mpaka inakuwa kubwa. Wataalamu wa picha za setilaiti waliitumia mbinu hiyo kabla yake. Kwa hiyo ni uchambuzi uleule wa rumeti, ila hapa hakuna kinachopulizwa. Rangi inatengwa na jiwe, na jiwe halijaguswa.

Doa likawa miguu minne, tumbo, na shingo ya mnyama. Nadhani ni pofu.

Nikampelekea bibi kompyuta. Akaangalia kimya, kisha akasema, "Mjukuu wangu, sasa na tambiko mtafanyia humo ndani?"

Swali hilo limenikaa kichwani kuliko maswali yote ya mtihani. Mongomi wa Kolo si makumbusho tu. Ni mahali ambapo Warangi wamekuwa wakipanda kuomba mvua na kuombea wagonjwa. Rumeti anasema tuskani kila kitu, tuweke kwenye seva, basi tumemaliza. Hatujamaliza. Faili haliletewi mgonjwa. Na picha ya DStretch ina rangi za uongo: ukungu na madoa ya maji navyo vinaweza kuonekana kama rangi ya mchoraji. Lazima mtu arudi kwenye jiwe lenyewe ahakikishe. Jiwe likivunjwa, hakuna wa kumuuliza.

Na yanavunjwa kweli. Kuna watu wanachimba chini ya mapango wakitafuta mali eti Wajerumani waliificha. Pia duniani kote kulikuwa na tabia mbaya ya kumwagia maji michoro ili ing'ae kwenye picha. Hapo ndipo skana inapolipa: huhitaji maji tena. Na ukipiga ukuta uleule kila mwaka, unajua nini kimepungua na wapi.

Angalieni Swaga Swaga. Mwaka 2018 mtafiti Maciej Grzelczyk kutoka Poland alifika kwenye pango la Amak'hee 4, na michoro mingi ilikuwa bado mizima kwa sababu mwamba ulioning'inia juu yake umeizuia maji na jua. Paa la jiwe lilifanya kazi ambayo seva yoyote haiwezi.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: mashine ya rumeti ikishatenga almasi, mchanga uliobaki unatupwa. Kwetu ukishatenga rangi, jiwe ndiyo kwanza linahitaji mlinzi.

Nataka projekti yangu ya mwaka wa mwisho iwe ya kupiga kuta za Kolo, ila kwanza nikae na wazee wanaopanda Mongomi waniambie wapi kamera inaruhusiwa na wapi hapana. Mwenye kamera nzuri na miguu ya kupanda mlima, tuwasiliane. Rumeti naye ameomba kuja. Anasema anakuja kuendeleza ubishi.